Mfumo wa kujitengenezea wa kulinganisha rangi katika uchapaji wa skrini: rangi ya tatu inayumba

MchapaRangi aliandika:

Habari zenu ndugu. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikichapa kwa skrini kwenye meza niliyoitengeneza mwenyewe, na katika kazi za rangi moja sina malalamiko yoyote. Shida imeanza nilipoingia kwenye kazi za rangi tatu. Rangi ya kwanza na ya pili hukutana vizuri kiasi cha kuridhisha, lakini ya tatu, ambayo kwangu huwa ni mistari myeusi inayozunguka umbo zima, huhama kwa milimita moja hadi mbili, na linalonichanganya zaidi ni kwamba haihamii upande mmoja. Kwenye karatasi moja mstari umekwenda kushoto na kuacha ukingo mweupe kulia, kwenye karatasi inayofuata umekwenda kulia, na ya tatu imetoka barabara kabisa kana kwamba hakuna tatizo.

Meza yangu ni ya plaiwudi nene. Upande wa nyuma nimefunga bawaba mbili za mlango zenye pini za kuchomoa, zikiwa zimeachana kwa sentimita 20, ili niweze kutoa fremu moja na kuweka nyingine. Fremu zenyewe, zinazobeba wavu wa skrini ambao wino hupita ndani yake, ni za mbao, sentimita 50 kwa 60. Karatasi naiweka kwa kufuata alama za penseli nilizochora mezani, na fulana naivalisha kwenye ubao mwembamba ninaoufunga juu ya meza hiyohiyo.

Nimekusudia kutengeneza kifaa cha bolti kitakachoniwezesha kuisogeza fremu kidogo kidogo mbele, nyuma na pembeni, kama nilivyoona kwenye mashine za kununua. Kabla sijaanza kukata chuma, naomba mnieleze kama bolti hizo ndizo zitakazonitoa kwenye shida hii, na kama ni bora nitumie pini na matundu badala yake.

Seremala_Mtulivu aliandika:

Ndugu MchapaRangi, umeeleza kwa utulivu, na jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Kosa linalorudi upande uleule kila mara na kosa linaloyumba ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza linatokana na kulenga vibaya, na bolti za kurekebisha zitalitibu kwa dakika moja. La pili linatokana na kitu kinachocheza, yaani kilicholegea, na hata ukifunga bolti ishirini utakuwa unakirekebisha kitu ambacho hakikai pale ulipokiweka. Kwa hiyo usikate chuma bado. Kwanza tafuta kinachocheza.

Fanya jaribio hili. Funga karatasi moja mezani kwa utepe pande zote nne ili isisogee hata kidogo. Chapa alama ya msalaba yenye mistari myembamba, uache wino ukauke, maana wino mbichi hutanuka chini ya skrini na kukudanganya. Kisha inua fremu hadi juu kabisa, kama unavyofanya siku zote unapotoa karatasi, iteremshe, na uchape tena juu ya alama ileile. Rudia mara tano. Mistari ikibaki myembamba kama ilivyokuwa mwanzo, fremu yako inarudi palepale na lawama ni ya karatasi. Mistari ikinenepa au ikigawanyika miwili, fremu ndiyo inayocheza. Jaribio hili linachukua nusu saa, nami sijaona lingine linaloweza kulishinda kwa kukuonyesha ukweli.

Bila kuliona jaribio lenyewe, bawaba zako nazitilia shaka. Bawaba ya mlango imetengenezwa ili mlango ufunguke, na mchezo mdogo kwenye pini yake haumsumbui mtu anayefunga mlango, lakini kwako hesabu ni nyingine. Tuseme bawaba ya kushoto imekaa nusu milimita mbele kuliko ya kulia. Kwa kuwa zimeachana kwa sentimita 20, na ukingo wa mbele wa fremu uko sentimita 60 kutoka hapo, nusu milimita hiyo inakuwa milimita moja na nusu kwenye ukingo wa mbele, kuelekea pembeni. Hicho ndicho kipimo unachokilalamikia. Ukizisogeza bawaba hizohizo hadi ziachane kwa sentimita 45, kosa lilelile la nusu milimita linashuka hadi kiasi cha theluthi mbili za milimita, nawe hujanunua chochote.

Hatua ya pili ni kuuondoa mchezo uliobaki. Funga ukanda wa mpira au springi inayoivuta fremu kuelekea nyuma muda wote, ili pini iwe imeegemea ukuta mmoja wa bawaba kila unapoteremsha fremu. Mchezo bado upo, lakini hauna nafasi ya kujitokeza.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini kuliko zote: mdomo wa kupokelea fremu upande wa mbele. Katikati ya ukingo wa mbele wa fremu, funga bolti yenye kichwa cha mviringo ikichomoza kiasi cha sentimita mbili. Mezani, chini yake, simamisha vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kwa mteremko, vikiwa vimeachana kwa juu na kukaribiana kwa chini, hadi mwisho wake bolti ipite kwa kubanwa kidogo. Fremu ikishuka, bolti inaingia mdomoni na kuongozwa yenyewe hadi mahali pamoja. Angalia tu kwamba mdomo huo haubebi uzito wa fremu. Kimo cha fremu kishikiliwe na vichwa vya bolti viwili vilivyosimamishwa mezani kwenye pembe za mbele, ili kazi ya kushika pembeni na kazi ya kushika kimo zisigombane.

KaratasiSafi aliandika:

Nakubaliana na Seremala_Mtulivu, ila naomba alama za penseli zisisahaulike, kwa sababu kwa maoni yangu nazo zina sehemu kubwa ya kosa. Jicho linaloweka karatasi juu ya mstari wa penseli hukosea kwa nusu milimita bila mwenye jicho kujua, hasa akiwa amechoka na karatasi ni mia.

Karatasi iliyolala mezani inahitaji vizuizi vitatu tu, si viwili wala vinne. Weka viwili kwenye upande mrefu, mbalimbali kadiri inavyowezekana, na kimoja kwenye upande mfupi. Isukume karatasi hadi iguse viwili vya kwanza, kisha itelezeshe hadi iguse cha tatu. Kizuizi cha nne hakiongezi uhakika, kwa kuwa karatasi hazilingani ukubwa kwa usahihi huo, na siku utakayopata karatasi iliyo kubwa kidogo itajikunja katikati. Mimi vizuizi vyangu navikata kutoka kwenye plastiki nyembamba, inayoizidi karatasi unene kidogo tu, na kingo zake nazipiga msasa, kwani kizuizi kirefu chenye ncha kali hutoboa wavu wa skrini pale skwiji, yaani ubapa wa mpira wa kusukumia wino, inapopita juu yake.

Kona iliyoguswa na vizuizi katika rangi ya kwanza ndiyo iguswe katika rangi zote. Weka alama ndogo ya penseli nyuma ya kila karatasi kwenye kona hiyo. Karatasi ikigeuzwa, hata kama kwa macho inaonekana ni mraba kamili, tofauti yote ya ukataji inakuja kuangukia kwenye picha yako.

Kwa kulenga rangi ya pili na ya tatu, tumia karatasi ya plastiki angavu iliyofungwa kwa utepe kwenye ukingo mmoja wa meza, iweze kufunuliwa kama jalada la kitabu. Chapa rangi ya pili juu ya plastiki hiyo kwanza. Inua fremu, pitisha karatasi yenye rangi ya kwanza chini ya plastiki, isogeze hadi rangi mbili zikutane, kisha ishike karatasi isisogee, funua plastiki, na ubandike vizuizi vitatu vikiigusa karatasi hiyo. Futa plastiki kwa kitambaa, nayo iko tayari kwa rangi ya tatu. Kwa kazi za karatasi njia hii inatosha kabisa hata usipokuwa na bolti moja ya kurekebisha, kwa sababu kinachorekebishwa ni mahali pa karatasi wala si mahali pa fremu.

Halafu kuna kosa moja ambalo hakuna kifaa kitakachoweza kuliondoa. Ukiona rangi zimekutana vizuri karibu na kona ya vizuizi lakini zimeachana kwenye kona ya mbali, karatasi yenyewe imebadilika ukubwa. Karatasi hunywa unyevu na kutanuka, tena hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi zake kuliko kwa urefu wake, na wino wa maji huongeza shida hiyo. Ziache karatasi zikae wazi katika chumba unachochapia kwa siku nzima kabla ya rangi ya kwanza, zote ziwe na nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na rangi zote zichapwe bila kupishana siku nyingi.

Skrini_na_Filamu aliandika:

Mimi naongeza mambo yanayotokea kabla fremu haijafika mezani, kwa kuwa mfumo mzuri wa meza hauwezi kuzilinganisha filamu, yaani zile karatasi angavu zenye picha ya kila rangi zinazotumiwa kutengenezea skrini, ambazo zenyewe hazilingani.

Filamu zinazotoka kwenye printa ya leza hupita kwenye joto na zinaweza kunywea. Chapa filamu zote za kazi moja kwa mfululizo, zikielekea upande mmoja, kutoka kwenye pakiti moja, kisha zipange moja juu ya nyingine dirishani na uzikague kwenye pembe zote nne. Iwapo misalaba ya kulengea kwenye pembe tatu imekutana na wa pembe ya nne umekataa, tafuta sababu hapo hapo, usiipeleke kwenye skrini.

Skrini zote za kazi moja ziwe na wavu uliokazwa kwa kiasi kimoja. Wavu uliolegea husukumwa na skwiji na kuibeba picha kuelekea inakokwenda skwiji, na ukiwa na skrini moja iliyokazwa na nyingine iliyolegea, picha mbili hazitakuwa na urefu mmoja hata filamu zake zikilingana. Kwa sababu hiyohiyo, piga skwiji kuelekea upande mmoja kwa rangi zote, kwa mwinamo uleule na mkono uleule, na nafasi kati ya wavu na karatasi iwe moja. Fremu za mbao zipakwe vanishi tabaka mbili au tatu kabla ya kuwambwa wavu, la sivyo kila ukiziosha zitavimba na kujipinda. Ilaze fremu juu ya kioo na ubonyeze pembe moja moja. Ikitikisika kama meza yenye mguu mfupi, umekwisha kukipata kitu kingine kinachocheza.

Wakati wa kulenga, bonyeza wavu kwa kidole pale penye msalaba hadi uguse filamu iliyo chini, na utazame kutoka juu moja kwa moja. Ukiinama kando, ile nafasi ya milimita mbili au tatu inayouacha wavu hewani inakuonyesha msalaba mahali ambapo haupo.

Kuhusu pini, kwa fremu za mbao sioni faida yake. Pini ni nzuri sana kwa filamu: toboa filamu zote na chombo kimoja, tundu moja la mviringo na jingine refu kidogo ili filamu isijikunje, nazo zitakaa juu ya pini mbili bila wewe kulenga kwa macho. Lakini mbao hulika kwenye matundu, na baada ya kazi chache pini nazo zinaanza kucheza.

Mwisho, michoro yako iache pahali pa kusamehe. Rangi nyepesi ipite chini ya mstari mweusi kwa nusu milimita kila upande, na nyeusi ichapwe mwisho. Kazi iliyochorwa rangi zikikutana ukingo kwa ukingo itaonyesha ufa mweupe hata kwenye mashine nzuri.

MchapaRangi aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nimefanya jaribio la msalaba mara mbili, kwa fremu mbili tofauti. Kwa fremu ya kwanza mstari umegawanyika katika nyuzi tatu zilizotengana, zote zikiwa wima, yaani fremu inayumba pembeni na karibu haiendi mbele wala nyuma kabisa. Kwa fremu ya pili, mstari umenenepa tu. Nimezisogeza bawaba hadi sentimita 45 na kutengeneza mdomo wa mbele kwa mbao ngumu, na jaribio la tatu limetoa mstari mmoja. Niliukagua kwa kioo cha kukuzia na bado ni mmoja. Karatasi nazo nimeziwekea vizuizi vitatu.

Kilichobaki ni fulana. Plastiki angavu na vizuizi havinisaidii hapo, kwa sababu fulana ikishavaliwa kwenye ubao haitolewi hadi rangi zote tatu ziishe, na mimi nina sehemu moja tu ya kufungia fremu. Nikichomoa pini za bawaba na kuweka fremu ya pili, kila fremu inakuja na mahali pake.

Kitambaa_Kirefu aliandika:

Kwa fulana, ndugu yangu, zitoe kabisa bawaba. Mimi nachapa vitambaa virefu, na huko tunatumia njia ya zamani inayokufaa sana: mezani kuna vizuizi vya chuma visivyosogea, na marekebisho yote yako kwenye fremu. Wewe ulitaka kufunga bolti kwenye meza. Ukifanya hivyo utalazimika kurekebisha upya kila unapobadilisha fremu, na kwa fulana moja yenye rangi tatu utarekebisha mara tatu. Bolti zikiwa kwenye fremu, kila fremu inabeba kipimo chake yenyewe, unairekebisha mara moja kwa mchoro huo na basi.

Kanuni ni ileile ya karatasi, pointi tatu. Kwenye ukingo wa nyuma wa fremu funga bolti mbili za M6 (zenye kipenyo cha milimita sita), mbalimbali, na kwenye ubavu mmoja funga ya tatu. Kila bolti ipite kwenye nati iliyozamishwa ndani ya mbao na iwe na nati ya pili ya kuifunga isizunguke. Mezani, funga vipande vitatu vya chuma cha pembe, chenye umbo la L, mahali bolti hizo zinapofikia. Unaiteremsha fremu kwa mikono miwili, unaisukuma nyuma hadi bolti mbili ziguse, unaitelezesha pembeni hadi ya tatu iguse, halafu unachapa huku msaidizi au klempu (kibanio) ikiishikilia. Bolti ya kawaida ya M6 husogea milimita moja kwa mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo robo ya mzunguko ni robo ya milimita, na hilo utaliona kwa macho. Zungusha bolti mbili za nyuma kwa kiasi sawa, fremu itakwenda mbele au nyuma. Zungusha moja peke yake, fremu itageuka kidogo. Ya ubavuni inaipeleka kulia na kushoto.

Utaratibu wa kulenga ni huu. Bandika filamu zote tatu juu ya ubao wa fulana zikiwa zimelingana, ukifunua moja moja, na urekebishe kila fremu kwa filamu yake bila kuchapa chochote. Kisha chapa rangi tatu kwenye kitambaa chakavu, urekebishe kwa robo mzunguko, ukaze nati za kufungia. Uiguse bolti kwa kidole wakati unakaza nati, kwa sababu nati inapokazwa huiburuta bolti, na watu wengi hupoteza hapo kipimo walichokihangaikia.

Ubao wa fulana upakwe gundi ya meza, ile ya kuishika fulana isisogee, na ufungwe kwa bolti, si kwa klempu ya pembeni. Baina ya rangi moja na nyingine wino ukauke kidogo usinate kwenye skrini ifuatayo, lakini usiunguze: fulana ya pamba hunywea kwa joto, na ikinywea baada ya rangi ya kwanza, rangi ya pili haina pa kukaa. Mimi huipitisha kwenye joto ikiwa tupu kwanza.

MchapaRangi aliandika:

Nimerudi na matokeo. Nimetengeneza fremu tatu kwa njia ya Kitambaa_Kirefu na nimechapa fulana kumi na mbili za rangi tatu. Kumi za mwanzo zimetoka vizuri, na kosa kubwa nililolipima kati yake ni chini ya nusu milimita, ambalo mstari mweusi umelifunika lote. Kwenye mbili za mwisho rangi zote zimeanza kuhamia nyuma kidogo, na fremu ya nyeusi imehama zaidi ya wenzake. Vile vipande vya chuma cha pembe niliviegemeza kwenye plaiwudi kwa skrubu fupi.

Seremala_Mtulivu aliandika:

Kagua vitu viwili. Weka kidole nyuma ya kila kipande cha chuma na umwambie mtu aisukume fremu: ukihisi kinatikisika, skrubu zinalegea kwenye plaiwudi, kwa hiyo toboa meza hadi chini na ufunge kwa bolti, nati na washa pana (kisahani cha chuma chenye tundu). Halafu tazama nati zilizozamishwa kwenye fremu ya nyeusi. Kama mbao imebonyea kuzizunguka, bandika sahani nyembamba ya chuma nje ya ukingo wa fremu na uiruhusu bolti ipite ndani yake, ili nguvu ya kusukuma iende kwenye chuma na mbao ipumzike.

MchapaRangi aliandika:

Vyote viwili vilikuwepo. Kipande cha kushoto kilikuwa kinatikisika, na kwenye fremu ya nyeusi nati ilikuwa imezama karibu milimita moja. Nimevifunga kwa bolti na kuweka sahani, nimerudia jaribio la msalaba kwenye kitambaa kilichobandikwa kwa gundi, nikaitoa fremu na kuirudisha mara kumi, na mstari umebaki mmoja.